Nikikohoa, Ardo Anasimama

Mpendwa mshauri, assalamu aleikum, naomba msaada wako maana hapa Garissa sina wa kumuuliza, wote walishaniona.

Mwezi jana nilimwoza binti yangu Bilan, na kwa sababu nikaha husomwa upande wa wanaume na akina mama hawaoni, Keynan wa video alivuta waya kutoka kwenye kamera yake mpaka hema la wanawake, huko akaweka televisheni, jenereta ikanguruma, na mimi ninavyojua video ni kanda, watu wanapigwa picha leo, inakatwakatwa, inatazamwa baadaye, kwa hivyo nikaha ilipokwisha na kamera bado inatutazama sikujali. Baba wa bwana arusi, Mzee Shirwa, akaniuliza, "Waryaa Alio, binti ametoka nyumba yenye adabu?" Nikataka kumtuliza moyo, nikasema, "Kwangu? Nikikohoa mara moja, mke wangu Ardo anasimama. Mara mbili, chai imefika." Upande wa akina mama kukalipuka kicheko, nami nikadhani ni furaha ya arusi, nikaongeza, "Mara tatu, hata mama yake anasimama!"

Kumbe ule waya haungoji kanda, unapeleka picha na sauti papo hapo. Mama mkwe wangu alikuwa amekaa mbele kabisa ya televisheni.

Tangu siku ile Ardo hanigombezi wala hasemi nami, ila nikikohoa anasimama, na kama tunakula anasimama na sinia, nami vumbi limenikaa kifuani, walaahi nalala njaa. Sokoni akina mama wa maziwa wakisikia kifua changu wanasimama wote, "Chai ngapi, Alio?" Juzi msikitini nilimeza kikohozi mpaka nikatokwa machozi, jirani akadhani ni unyenyekevu. Mama mkwe ameleta salamu kwamba atasimama, ila na fimbo. Sasa Ardo anafunga mizigo aende kwa mama yake huko Bura, nami nampenda, mshauri, na ukweli, usimwambie mtu, chai ya asubuhi huwa napika mimi.

Nikiapa kwamba mashine iliniongezea maneno, itakuwa dhambi kubwa au ndogo?

Alio, Garissa

Bwana Alio,

Waaleikumu salaam. Kifua nakipa pole, ulimi siupi. Dhambi si nyama, haipimwi kilo na nusu kilo. Usiape! Mashine haikuongeza kitu. Ilipeleka ulichokisema kikiwa moto, kama sambusa kutoka mafutani. Mzee wa watu aliuliza adabu, wewe ukamjibu kwa kikohozi. Ungemwambia kwamba chai unapika wewe, angejua binti ametoka nyumba gani.

Kesho nenda hospitali, upate dawa. Kisha, kabla Ardo hajafika kwenye gari la Bura, mwite Keynan na kamera yake na waya ule ule. Ulimvunjia mkeo heshima mbele ya watu. Kumnong'oneza jikoni hakutoshi. Akina mama wakae hemani mbele ya televisheni, mama mkwe kiti cha kwanza, na fimbo yake aje nayo. Wewe kaa upande wa wanaume, Mzee Shirwa kando yako, washa jiko mbele ya kamera, mwombe Ardo radhi kwa kumtaja jina, pika chai wote waone. Halafu nyamaza. Hema ni turubai, utasikia.

Ardo akikohoa mara moja, simama. Mara mbili, chai iwe imefika. Na kikohozi cha tatu kikitoka kwa mama yake, beba birika zima.