Taarifa Niliyokataa Kuisoma

Mjukuu wangu Mwanamisi,

Marahaba. Sisi hapa Msambweni hatujambo, na nyanyako amepona goti.

Umeniuliza kwa nini sikumaliza chuo Ulaya. Miaka ile ya uhuru nilisomeshwa na serikali moja ya kikomunisti, nami nikaisomea redio yake taarifa za Kiswahili. Siku moja nilipewa karatasi iliyosema, "Nchini kwetu hakuna anayepanga foleni ya mkate." Asubuhi ile ile nilikuwa nimepanga foleni hiyo.

"Soma!" mkubwa wangu aliamuru.

"Mamangu ananisikiliza kule Msambweni. Siwezi kumdanganya."

Nilirudishwa nyumbani bila shahada. Mama aliposikia sababu, alinishika mkono akanipitisha nyumba kwa nyumba: "Njooni mumwone msomi wangu!"

Akupendaye,
Babu