Karatasi ya Mate

Jumapili, 13 Julai 1986

Meza ya Bwana leo. Kinywaji kilikuwa chekundu kuliko siku zote — hata Mchungaji alikitazama mara mbili kabla ya kukibariki. Jioni watoto watatu wametapika. Ulimi wa kila mtu hapa Kalamba ni mwekundu, wangu pia. Nimeusugua kwa chumvi, wapi! Anayetengeneza kinywaji ni mama Mbinya, mwaitu kama wanavyomwita hapa, mjane aliyenikodisha chumba. Wanawake wawili wamepita hapa nyumbani bila kumsalimia.

Jumanne, 15 Julai

Wanafunzi wananong'ona kwamba ilikuwa damu. Kwamba Mbinya ni mchawi, na mumewe hakufa bure. Wazee wa kanisa watakaa Jumamosi. Akionekana ana hatia atahama, aache shamba na kaburi la mumewe. Nimekasirika mpaka chaki ikanivunjikia mkononi.

Basi kinywaji kilichobaki nikakitia kwenye praktikali ya Form Two. Kwenye karatasi ya kuchuja, tone la kinywaji, tone la rangi ya chakula ya dukani, tone la rangi ambayo wanawake hapa hutia makonge ya kusukia vyondo, vikapu vyao. Karatasi ikasimama ndani ya maji ya chumvi, maji yakapanda yakibeba rangi. Kinywaji kikagawanyika! Waridi ikaenda sambamba na ya dukani, nyekundu nzito ikabaki chini pamoja na ya vyondo. Kumbe sufuria ilichemshiwa makonge, haikuoshwa vizuri. Hakuna damu. Nimecheka peke yangu.

Sufuria yenyewe si ya Mbinya. Aliazima kwa Mzee Kilonzo, mwenyekiti wa wazee.

Alhamisi, 17 Julai

Nimewaonyesha wazee karatasi. Nilidhani mambo yameisha. Habari ya sufuria hakuna aliyeiuliza. Mzee Kilonzo aligusa karatasi kwa kidole kimoja, akasema, "Mwalimu, hii kitu inaonanga yenye imefichwa."

Nikasema inaona rangi tu. Akasema basi ione watu. Kila mwenye alishika hicho kinywaji ateme mate hapo, na mwenye yake itapanda na rangi, ni yeye. Nikasema mate hayana rangi, hayataonyesha kitu.

"Sasa kama haitaonyesha kitu, unaogopa nini?"

Nikaikunja karatasi, wakapanga iwe Jumamosi maabarani. Mimi na diploma yangu!

Ijumaa, 18 Julai

Kuku mlangoni mwa maabara, amefungwa miguu. Mfagizi anasema ni sadaka kwa karatasi, ili isimtazame aliyemleta. Hajulikani ni nani. Hakuna mwanafunzi aliyeingia leo. Sokoni mama mmoja ameniona akafunika mdomo kwa leso. Naogopa, na siogopi uchawi.

Nimemsihi Mbinya akatae. Hataki kusikia. "Acha wapime, mwana wakwa, mwanangu. Mate yangu ni safi. Na hiyo karatasi ni yako, itanidanganyia nini?"

Jumamosi, 19 Julai

Maabara. Naandika ili mikono iwe na kazi. Watu wamejaa hadi madirishani, hawaimbi, hawakohoi. Watano wametema mate, Mzee Kilonzo wa kwanza. Alitaka kuandika majina mwenyewe chini ya kila tone, na kuitumbukiza karatasi mwenyewe. Niliona haidhuru. Mate ni mate.

Sasa hivi nimeona. Majina manne ni ya penseli yangu. La Mbinya ameliandika kwa kalamu ya wino, ile ya mfuko wa koti lake. Penseli haipandi na maji. Wino unapanda.

Nimemwambia kwa sauti ya chini — Mzee, hilo moja ni la wino, tuanze upya. Hajanitazama. "Mwalimu, keti. Usiguse." Sijui kama anajua. Namtazama usoni na bado sijui. Wanaume wawili wamesogea, wamesimama kati yangu na chupa yenye karatasi.

Maji yamefika kwenye M ya Mbinya. Buluu imeanza kupanda, imepita tone lake la mate. Mtu amevuta pumzi huko nyuma, kisha mwingine. Benchi zinasogezwa, wanasimama. Mbinya haoni vizuri kwa mbali — ameniinamia, ananiuliza kama yake imebaki safi.