Kiapo cha Mwisho wa Ukurasa

Jumatatu, 4 Septemba

Nimefika kliniki ya sheria ya chuo saa mbili kasoro, moja kwa moja kutoka bekari, unga bado kwenye nyusi. Huduma ni bure kwa sababu wanaohudumia ni wanafunzi. Nimepangiwa msichana, Karol Botina, mwaka wa nne, koti limempwaya.

Nimemweleza yote. Salomé wangu anatimiza miaka mitano Desemba. Masikio yote mawili hayasikii vizuri. Daktari aliandika vifaa vya kusikia tangu Februari, kampuni ya bima inasema subiri. Akichelewa kusikia atachelewa kusema, na huenda asifikie wenzake. Sasa ana maneno kumi na mawili. Nimeyahesabu.

Karol ataniandikia tutela — ombi kwa hakimu, na hakimu lazima ajibu ndani ya siku kumi. Akauliza, macho kwenye kompyuta, kama nilishawahi kupeleka nyingine. Nikasema hapana.

Si kweli sana. Mei nilimpa Bwana Hermes, yule mzee wa mashine ya kuchapa nje ya mahakama, simbilisi wawili wanono aniandikie. Sikusikia tena. Nadhani aliwachoma akawala, karatasi akafungia mkaa. Ndiyo maana naona aibu.

Jumatano, 6 Septemba

Karol amesoma rasimu mbele ya mwalimu wake, Mwalimu Amparo. Kurasa sita. "Mtoto tajwa hapo juu, mwenye kuathirika na upungufu wa hisi husika…" Mwalimu akanigeukia.

— Mama, huyu mtoto unamfahamu?

— Simfahamu, Mwalimu.

Karol akawa mwekundu. Mwalimu akamwambia aandike upya: nani, siku gani, alisema nini. Hakimu ana mafaili hadi darini, asipelekewe kamusi.

Kwenye korido Karol kaninunia. "Dada Yeraldín, umeniua mbele ya mwalimu." Nikamwambia yeye ndiye kaanza, kamuua mwanangu kwa kurasa sita. Kacheka. Nikampa mkate wa jibini, akaula wote amesimama. Watoto hawa hawali.

Ijumaa, 8 Septemba

Rasimu mpya. Kurasa mbili. "Tarehe 14 Februari daktari aliandika vifaa viwili. Tarehe 3 Machi mama alikwenda dirisha namba nne, akaambiwa arudi. Salomé akiitwa kwa nyuma hageuki." Hapo nikalia kidogo. Huyo ndiye mwanangu.

Halafu, utaratibu wao: anayesaini lazima asome aya ya mwisho mwenyewe, kwa sauti. Nikaanza vizuri. "Naapa kwamba sijapeleka tutela nyingine kwa jambo hili hili…" Sauti ikakwama kooni kama mwiba wa samaki.

Nikasema nimesahau kitambulisho. Kilikuwa kinaning'inia shingoni. Karol alikiona. Akaniambia nirudi nacho Jumatatu.

Jumamosi, 9 Septemba

Nimekanda unga na kiapo siku nzima. Nikisema, watafunga faili. Nikiapa uongo na ile ya Bwana Hermes ikaonekana, hakimu ataitupa hii — na anayekosa kusikia si mimi, ni Salomé. Leo kamwita paka wa jirani. Neno la kumi na tatu, kalitamka nusu.

Nitasema.

Jumatatu, 11 Septemba

Nimesema. Yote, na simbilisi.

Nilingoja kufukuzwa. Mwalimu Amparo akauliza tu ilikuwa mwezi gani. Halafu akanieleza, taratibu: ukipeleka mbili za jambo moja na ukaapa ni moja, zinatupwa, na faini juu. "Umefanya vizuri kutosaini." Kisha akamgeukia Karol. Kumbe alimuuliza mteja mara moja tu, tena akitazama kompyuta? Mteja huulizwa ukimtazama usoni. Nikamwonea huruma, nikasema kosa ni langu pia. Mwalimu akasema linatosha kugawana.

Karol akatafuta kwenye rejista ya mahakama kwa namba ya kitambulisho changu. Akasoma moyoni. Akasoma tena.

— Dada, kaa.

— Nimekaa.

— Ulishinda. Tangu tarehe 24 Mei.

Hakimu aliiamuru kampuni impe Salomé vifaa ndani ya saa arobaini na nane. Saa arobaini na nane! Tuko Septemba. Kampuni ilijua, ikanyamaza. Mimi sikujua, jibu lilikwenda kwenye barua pepe ya mjukuu wa Bwana Hermes, na mjukuu kahamia mji wa Cali.

Nililia, nikacheka, sijui kipi kilitangulia. Mwalimu akaisoma tutela ya mzee. Ukurasa mmoja. Akamkabidhi Karol: hii uibandike ukutani kwako.

Kwa hiyo tutela mpya haihitajiki. Kinachohitajika ni kumwambia hakimu kwamba amri yake imedharauliwa. Karol kaandika nusu ukurasa, palepale. Nimesoma mwisho kwa sauti. Safari hii haikukwama.

Jumanne, 12 Septemba

Nimempelekea Bwana Hermes mkate, nikamwambia tulishinda. Kashangaa kwamba nashangaa. "Binti, mimi niliona huji hata kunisalimu, nikajua mtoto anasikia, mama kapata maringo." Miezi yote hii nimemtukana kimoyomoyo. Nikaomba radhi. Simbilisi, anasema, walikuwa watamu.

Jumatano, 20 Septemba

Ofisi ya kampuni ya bima, kiti cha ukutani. Jana hakimu aliwapa siku tatu wajieleze. Leo asubuhi wamenipigia wenyewe, adabu tele, mama hivi, mama vile, mlete mtoto.

Wamemmiminia Salomé ute wa rangi ya waridi masikioni kuchukua umbo lake. Alicheka, unatekenya. Vifaa vyenyewe, wiki mbili.

Halafu dada wa mezani kaleta karatasi. "Saini hapa, mama, ni utaratibu tu." Nikasoma. "Nimepokea vifaa viwili vya kusikia na nimeridhika."

— Sijapokea.

— Ukisaini faili linafungwa, vifaa vinakuja vyenyewe.

— Vikija nitasaini.

— Basi mama unatuchelewesha wote.

Nikaomba kalamu. Chini ya maneno yao nikaandika: "Leo tarehe 20 Septemba wamepima masikio tu. Vifaa havijaja. Wamesema wiki mbili." Nikaweka jina langu hapo, si kwenye mstari wao. Nikaipiga picha, nikamtumia Karol.

Dada wa mezani kaingia na karatasi kwa bosi wake. Mlango umefungwa, wanasemezana. Salomé anavuta kalamu hii, anataka kuchora. Sauti yangu ipo.

Yule dada katoka. Ana karatasi nyingine, ndefu kuliko ile. Kasema ni ile ile, saini tu. Nimemwambia avute kiti, nasoma yote kwanza.