Maji Uliyonijazia Chupani

Mama Anjela, mke wangu,

Tumsifu Yesu Kristo. Hujambo wewe, na watoto wote? Kifua cha mama kimepoa? Mimi mzima kwa rehema za Mungu, ila joto la Dar es Salaam linanichemsha, na pale kwenye kiwanda cha soda bado niko kwenye kuosha chupa.

Barua yako nimeipata. Nilifurahi kuona mwandiko wako mwenyewe. Kisomo cha watu wazima kimekufaa. Kisha nikasoma: mwalimu kasema hivi, mwalimu kasema vile. Eti maji yasipopanda kuwa mvuke mvua hainyeshi, na sisi wa viwandani tunaifungia mvua kwenye chupa, ndiyo maana mahindi yananyauka hapo Rangwi. Mvuke! Nilipoondoka neno hilo hukuwa nalo. Na huyo mwalimu wa kutoka Tanga, bado tu hajapata mke?

Nikamwuliza fundi wa mitambo. Akacheka mpaka akaegemea mashine. "Baba Anjela, soda ikinywewa inakwenda wapi? Wewe huendi chooni? Hutoki jasho? Chupa inayachelewesha maji tu. Na bahari ile pale, nani kaitia kizibo?" Nikaona kweli. Mwalimu wako angetazama kwanza malori ya magogo yanayoshuka kutoka msitu wa Shume; miti ikiisha, mvua itatoka wapi?

Lakini lililoniuma ni la mwisho: umemsimulia habari za chupa ya maji ya chemchemi yetu, uliyonijazia siku naondoka, naye kasema niyamwage ili mvua irudi. Mke wangu, chupa ile ilikuwa yetu wawili. Imekaa karibu na rozari yangu muda wote huu, sijaigusa. Leo mwanamume mwingine ndiye wa kuniamuru niimwage?

Sikuimwaga. Jumapili baada ya misa niliifungua, nikasali, nikayanywa yote. Yalishachacha kidogo, lakini ni ya kwetu. Kesho yake nikaingia zamu, nikatoka jasho mpaka shati likanigandia mgongoni. Basi mvua ikinyesha huko, mwambie mwalimu hilo ni jasho la mumeo.

Chupa tupu nitakuja nayo likizo. Uijaze tena wewe, na safari hii asijue mtu.

Mpe mama shikamoo yangu. Mdogo wangu anayekulimia msalimie, na katekista asinisahau kwenye sala.

Tafadhali nijibu upesi.

Mumeo,
Baba Anjela