Paka Ameacha Kupanda Meza ya Pasi

Jumatatu, mwezi wa saba. Ukungu umelala juu ya mto Themi tangu alfajiri, na mlima hatujauona. Ni baridi ya kuingia mpaka kwenye kucha. Moyo wangu nao uko vivyo hivyo.

Hamisi amekuja mikono mitupu.

Hamisi ni boi wa bwana Mdachi mwenye shamba la kahawa upande wa Kimandolu. Kila Jumatatu huja na kikapu cha nguo chafu kichwani, na kila Jumamosi huondoka na nguo safi. Katika kila nguo kumi zinazopita chini ya pasi yangu, saba ni za bwana huyo. Kwa hiyo nilipomwona anashuka njia ya mtoni huku mikono yake inaning'inia, sikuhitaji kuambiwa. Hesabu niliipiga kabla hajafika mlangoni. Kumi ukitoa saba.

Niliingia Arusha nikiwa mpagazi, na mzigo wa mtu mwingine kichwani. Udobi nilijifunza Moshi kwa macho tu, nikimchotea maji dobi wa Kihindi ambaye hakunifundisha neno. Pasi ya makaa, ile yenye jogoo wa shaba kwenye kifuniko, ni yangu. Meza nimeichonga mwenyewe kwa mbao za mringaringa, pana kama kitanda, na hakuna aliyenishikia hata msumari. Sasa yote haya yameangushwa kwa sababu ya paka.

Tena paka mwenyewe hana kosa. Hapo ndipo panaponiuma.

Kola ya Mzungu huvaliwa na kuvuliwa mbali na shati, nayo hutiwa wanga mpaka isimame yenyewe. Wanga ni chakula, na panya wa mji huu walilijua hilo kabla yangu. Mwaka jana walinitafunia mikono ya koti jeupe nikabaki kuomba radhi kama mwizi. Nikaenda kwa Mhindi wa duka, nikamfulia shuka zake bure, naye akanipa paka wa kijivu mwenye sikio lililopasuka. Mke wangu Naserian akampa jina la Mgeni. Watu husema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu hakungoja jembe. Usiku wa kwanza tu alianza kazi, na hata mwezi haukwisha panya wakahama nyumba yangu. Siwezi kumsingizia.

Kisha baridi ikaja.

Mgeni akagundua kwamba nyumba yetu ina mahali pamoja tu penye joto la kuaminika, nalo ni juu ya nguo iliyotoka chini ya pasi sasa hivi. Nikigeuka kuchochea makaa, amepanda. Nikienda kuanua, amepanda. Suti nyeupe ya bwana inageuka ya kijivu kwa manyoya, na mvua ikiwa imenyesha, kuna nyayo nne za udongo mwekundu kifuani kama nishani.

Nilimpulizia maji kwa mdomo, kama tunavyopulizia nguo kabla ya pasi. Mara ya kwanza aliruka mpaka darini. Baadaye akawa anafumba macho, anangoja nimalize. Nikapanga makopo matupu ukingoni mwa meza ili yaanguke kwa kelele. Walioamka ni majirani. Nikaweka matawi ya mgunga yenye miiba, nikajichoma mimi.

Naserian alikuwa akinitazama huku akimenya ndizi. Yeye ni Mwarusha, na watu wa kwao hawapotezi maneno.

"Baba watoto," alisema, "umemkataza mezani. Je, umemwambia akae wapi?"

"Chini. Paka anakaa chini."

"Chini kuna baridi. Hata mimi ningekuwa na mkia ningelala pale kwenye suti."

Nikamtandikia gunia karibu na mafiga. Akalinusa, akanitazama, akaliruka. Gunia analijua ni gunia.

Jambo moja tu nililofanikiwa kumfundisha ni kusikia miguu yangu. Siku hizi nikiingia namkuta chini, anajilamba mguu kwa adabu kama mtoto wa misheni. Lakini nikiweka kiganja juu ya suti, nakuta shimo la mviringo, na shimo lina joto. Nilicheka siku niliyogundua hivyo, kisha nikaacha kucheka. Njiani kutoka pwani, nyapara wetu alipokuwa akikaribia na kiboko chake tulikuwa tumesimama na mizigo kichwani. Akishapita, tunakaa. Hakuna aliyetufundisha kusimama. Tulifundishwa kumsikia akija.

Nilimwelewa paka vizuri mno, na kumwelewa hakukunisaidia chochote.

Ijumaa iliyopita Hamisi alipita kunionya. Bwana atakuwa na wageni Jumapili, na akiona unywele mmoja tu wa paka, kikapu kitahamia kwa dobi mpya aliye karibu na boma la serikali. Nikasema basi, leo ni leo. Nikachukua pilipili mbichi, zile ndogo kali, nikaziponda, nikausugua ukingo wote wa meza kwa mikono yangu miwili. Mgeni akaruka, akatua, akajilamba mguu. Alipiga chafya, akatoka nje mate yakimdondoka. Nilisimama katikati ya chumba nikajiona jemadari. Nikanawa mikono kwa sabuni ya kazi, ile inayochubua ngozi, nikarudi kwenye nguo.

Kazi iliyobaki ilikuwa kutia wanga kwenye kola.

Kola hutiwa wanga kwa vidole. Unasugua, unakandamiza, unasugua tena mpaka wanga uingie ndani ya uzi. Kila mwanamke aliyewahi kukata pilipili anajua kwamba haitoki kwa kunawa. Mimi naweza kukuambia debe la maji linafua mashati mangapi, na makaa ya kiganja yanapiga pasi kola ngapi kabla ya kupoa. Hilo la pilipili sikulijua. Nilizinyoosha kola zote, zikatoka nyeupe kama maziwa, bila unywele hata mmoja. Jumamosi nikamkabidhi Hamisi nikiwa nimeinua kidevu.

Leo basi nilimuuliza, "Kikapu kiko wapi?"

"Kimeshafika karibu na boma."

"Kwa sababu ya manyoya? Hamisi, nilikagua kila nguo!"

"Manyoya! Manyoya si afadhali? Shingo, fundi. Shingo!" Akajishika koo kwa mikono miwili. "Chakula mezani, mabibi wamekaa, bwana anaanza kujikuna. Mara shingo imekuwa nyekundu kama ya jogoo. Akaivua kola palepale mbele ya wageni, akaitupa karibu na supu. Mimi nikaiokota, nikaenda nayo jikoni, nikailamba."

"Ukailamba?"

"Ningejuaje kilichomo? Nikailamba! Hebu niambie, fundi, ile kola uliifua au uliikaanga?"

Naserian alicheka mpaka akakaa chini. Mimi sikuweza. Nilikuwa nawaza boma, na vile viboko vyao ishirini na vitano, hamsa ishirini, ambavyo kila mtu wa mji huu anavijua, kama si kwa mgongo wake basi kwa mgongo wa ndugu yake. Mtu akimtilia Mzungu pilipili shingoni, nani atamsikiliza akieleza habari za paka?

Hamisi aliniona. Akaacha mzaha, akasogea.

"Sikumwambia. Nilisema ni wanga mbovu wa dukani, wanga wa siku hizi. Akasema basi, nguo ziende kwingine. Shukuru imeishia hapo, ndugu yangu. Wewe umepoteza kikapu, ngozi unayo."

Nikamshukuru. Nilimshukuru kweli. Aliondoka, ukungu ukamfunika kabla hajafika kwenye migomba.

Mchana nimepiga hesabu kwa kila upande, na kila upande inatoka ileile. Zile nguo tatu zilizobaki katika kila kumi ni shuka za Mhindi wa duka, ambazo hazitaki wanga wala pasi, na kanzu ya mwalimu mmoja anayeshuka kutoka Nkoaranga akikumbuka. Pasipo kola hakuna wanga. Pasipo wanga panya hawana cha kufuata kwangu. Pasipo panya, paka ni mdomo tu wa kulisha. Waliosema paka akiondoka panya hutawala walisema nusu ya habari. Hawakusema wote wawili wakikosa kazi nani anabaki.

Niliwaza kumtia Mgeni kwenye gunia nimpeleke ng'ambo ya mto. Nilifika hata kulishika gunia. Halafu nikajiuliza nitamshitaki kwa lipi. Kwa kupenda joto?

Jioni hii nimeipangusa meza kwa maji na majivu mpaka pilipili yote imetoka. Nimekaa kwenye kigoda nikamtazama. Mgeni ameingia, hakunijali, amepanda kwenye sanduku, kutoka kwenye sanduku akaweka mguu mmoja juu ya mbao. Mbao zilikuwa baridi. Akautoa mguu, akautikisa kama aliyekanyaga maji, akashuka. Amekwenda mwenyewe kwenye lile gunia kando ya mafiga, amejikunja, amelala.

Maji, makopo, miiba na pilipili vyote vilishindwa. Kumbe dawa ilikuwa kukosa kazi.

Naserian ameniambia kwa sauti ya chini, "Haya, umeshinda." Nadhani alitaka nicheke.

Meza yangu sasa ni safi mwisho hadi mwisho, haina unywele, haina nyayo, haina kola. Ndivyo nilivyoitaka tangu baridi ilipoanza. Pasi iko juu yake na jogoo wake wa shaba, na ndani mna makaa ya kutosha shughuli ya kesho asubuhi, kama kungekuwa na shughuli.

Nikiyawasha nitapasha nini? Nisipoyawasha, mimi ni nani hapa mjini?