Noti Niliyoitoa Kwenye Chupa ya Binti Yangu

Mama mshauri,

Pokea salamu zangu, na baada ya salamu naomba unishike mkono, maana mimi mzee wa miaka sitini na saba nimejiaibisha mbele za watu kwa jambo ambalo mwanzoni niliona ni la heshima, na sasa sijui nitokeje humo.

Nimekuwa fundi bomba kwa miaka thelathini na minane, nimelala chali chini ya masinki ya wakubwa na wadogo, na katika miaka yote hiyo sijapokea hata senti moja juu ya bei tuliyopatana na mteja, si kwa sababu nilikuwa nazo, la, ila nikiwa bado kijana bwana mmoja alinipigia mluzi nimeshamaliza kazi yake na kufika getini nikiondoka, nilipogeuka akanirushia sarafu ikaangukia kwenye tope, akasema, "Okota hiyo ukanywe maji," na wageni wake wakacheka barazani, basi nikaiokota, nikaipangusa kwa shati langu, nikarudi nikaiweka mezani kwake mbele ya wageni walewale, nikamwambia, "Umeshanilipa, bosi," nikaondoka kichwa juu, na tangu siku hiyo ikawa sheria ya nyumbani kwangu kwamba mtu wa ukoo huu analipwa kazi yake, hapewi cha juu kama anayeombaomba.

Sasa kitinda mimba wetu, binti wa miaka ishirini na sita, anatengeneza kahawa kwenye mgahawa ulio karibu na hospitali, na sitakuficha, alipoanza kazi hiyo nilinuna, nilitaka aingie ofisini, mwaka mzima sikukanyaga pale, hadi mama watoto aliponiambia, "Mume wangu, umekagua mabomba ya mji mzima, kazi ya mwanao ndiyo hujaiona," maneno yakanichoma, nikavaa shati lililopigwa pasi, nikaenda Jumatano asubuhi.

Mama, nilichokiona pale sijamsimulia mtu. Mwanangu alikuwa amesimama mbele ya mashine kubwa kama injini, foleni imefika mlangoni, naye hana papara wala hachelewi, mkono mmoja unashindilia kahawa kwenye kile kikombe cha chuma chenye mpini, mwingine umeshika jagi la maziwa chini ya bomba la mvuke, wala haangalii kipimajoto, anasikiliza tu, sauti ya mvuke ikibadilika anafunga, na mimi niliyesikiliza maji ndani ya kuta maisha yangu yote nikajua papo hapo kwamba sikio lile ni langu, amelirithi kwangu, kifua kikanijaa.

Nikakaa pembeni, nimejivuna kama mwenye mgahawa. Mara akaja mama mmoja wa makamo aliyevaa sare za wauguzi, uso wa mtu aliyetoka zamu, akapokea kahawa yake, akasema, "Asante sana, mdogo wangu," akatia noti kwenye chupa ya kioo iliyopo kaunta, imeandikwa ASANTE, ndiyo hiyo bakshishi ambayo siku hizi wanaiita tipu, na hapo sijui nini kilinipanda kichwani, niliusikia ule mluzi masikioni, nikainuka, nikatia mkono chupani, nikaitoa noti, nikamfuata muuguzi hadi mlangoni, nikamwambia kwa sauti kubwa, "Mama, chukua hela yako. Huyu ni binti yangu, ana mshahara wake, si ombaomba."

Foleni nzima ikageuka kunitazama.

Yule muuguzi hakukasirika, na hilo ndilo lililonimaliza. Alisema, "Mzee wangu, sikumpa kwa sababu ana shida. Mwezi uliopita alifariki mgonjwa niliyemuuguza wiki saba. Nilikuja nikakaa kwenye kiti kile, sina hata nguvu ya kuongea. Binti yako aliniletea kahawa bila kuniuliza chochote, akaniwekea na maji, na kila aliyetaka kukaa karibu yangu akawa anamwambia kiti kina mtu. Shukrani ni yangu. Wewe utanipangiaje jinsi ya kuitoa?"

Binti yangu akatoka nyuma ya kaunta, akaichukua ile noti mkononi mwangu, hakupandisha sauti, akasema, "Baba, kaa. Chupa hii si yangu peke yangu. Ni yetu wanne, pamoja na dada anayeosha vyombo, ambaye hakuna mteja anayemwona." Kisha akamwomba radhi muuguzi kwa niaba yangu, mbele yangu, mimi baba yake nimesimama pale kama mwizi wa kuku.

Hii ni wiki ya tatu hajaja nyumbani Jumapili. Nilipompigia simu alisema, "Baba, sina hasira ya hela. Ulivyosema pale ndivyo unavyonichukulia, kwamba nikipewa kitu basi nimeomba," akaniaga kwa adabu, akakata. Nataka kwenda kumwomba msamaha palepale nilipomwaibisha, lakini ninakwama kwenye ile chupa, maana nikitia hela ataona nanunua msamaha au namkejeli, nisipotia ataona bado nadharau, mama watoto anasema tia, jirani yangu fundi umeme anasema baba kumpa mwanawe bakshishi ni kituko kisichosimulika, na mimi nimebaki katikati, hata usingizi siupati. Nipe jibu, mama, hata kama ni la kunichapa.

Ni mimi,
Fundi hodari wa kuziba mabomba niliyeshindwa kuziba mdomo wangu

MSHAURI ANAJIBU

Fundi, jibu la kukuchapa umelitaka mwenyewe, basi inama.

Ila kabla ya fimbo, pole. Ile sarafu ya kwenye tope ilikuumiza, na ulivyoirudisha mezani kwa yule bwana ulifanya vizuri. Ningekuwepo ningekupigia makofi. Lakini yule bwana hakukupa bakshishi, alikupa tusi akalifunga ndani ya sarafu. Muuguzi alimtazama binti yako usoni, akamwita mdogo wake, akashukuru kwanza, ndipo akatoa. Wewe umewatia wote wawili kapu moja, ukamwadhibu mama wa watu kwa kosa la bwana ambaye huenda hata amekusahau.

Halafu ukatia mkono chupani! Miaka thelathini na minane umeingia hadi vyumbani mwa watu bila kugusa hata kitana, uzeeni unachota hela za wafanyakazi wanne mchana kweupe? Angefanya mtu mwingine ungekuwa wa kwanza kupiga kelele za mwizi.

Na kwa kuwa wengi mnaniandikia kuhusu hizi chupa za kaunta, nawajibu kwa mkupuo. Bakshishi ya kahawa si lazima. Usipokuwa nayo, usijifiche nyuma ya simu. Mtazame mtu, sema asante, rudisha kikombe chako kaunta, nenda zako huru. Ukitoa, toa kimya, usisubiri kusifiwa, wala usidhani umenunua ruhusa ya kuruka foleni au kumwita msichana wa watu majina ya mapenzi. Usirushe. Usipige mluzi. Kama unampa mmoja mkononi, kumbuka kuna mwingine aliyekiosha hicho kikombe. Na mwajiri anayelipa mshahara kiduchu akitegemea chupa imalizie, aibu hiyo ni yake, si ya anayepokea.

Sasa turudi kwako. Nenda saa ambayo foleni ni fupi, na uende mwenyewe. Usimburute mama watoto akawe wakili wako. Ukifika, samahani itangulie kahawa. Waombe radhi na wale wenzake watatu, na anayeosha vyombo omba aitwe kutoka jikoni, umwone. Muuguzi mtafute hadi umpate, hospitali si ipo hapo karibu? Kisha panga foleni kama watu wengine na ulipe kahawa yako hata wakikwambia ni ya bure. Chupani tia kile ambacho ungetia kama aliyekuhudumia si mwanao. Usizidishe kwa sababu umekosa, usipunguze kwa sababu una kiburi, na ukishatia, nyamaza. Jirani yako fundi umeme mwambie arudi kwenye nyaya zake: hapo baba hampi mwanawe, mteja anawashukuru watu wanne waliomhudumia.

Hayo ni madogo. Kubwa ni hili. Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara zote mbili nimesimama pale kwenye lile bomba la mvuke. Umeniandikia mimi, nisiyemjua binti yako hata kwa sura, jinsi anavyosikiliza na jinsi kifua kilivyokujaa. Yeye umemwambia? Hujamwambia! Katika mahali pake pa kazi, neno alilobaki nalo kutoka kwa baba yake ni "ombaomba". Fundi mwenzio umemwona kazini, umemtambua, halafu umekaa na siri hiyo wiki tatu. Kamwambie, kwa maneno yaleyale uliyoniandikia. Yakikukwama kooni, soma kwenye karatasi. Na ukilia, lia tu, kwenye migahawa vitambaa vya karatasi havikosekani.

Nenda wiki hii. Jumapili usimngoje nyumbani, mfuate wewe.

BARUA YA PILI, ILIYOFIKA BAADA YA SIKU KUMI NA MBILI

Mama mshauri,

Nilienda. Maneno yote yalinipotea mlangoni, nikatoa karatasi kama ulivyosema, nikaisoma nimesimama, miwani imeingia ukungu, sijui ni mvuke wa mashine au ni mimi mwenyewe. Binti yangu aliniacha nimalize. Yule dada anayeosha vyombo alitoka na mikono yake yenye povu, akanisikiliza, akasema, "Mzee, tangu nianze kazi hapa, wewe ndiye mteja wa kwanza kuuliza niko wapi." Nilimwomba radhi mara mbili.

Nilipomaliza ile habari ya sikio, binti yangu akasema, "Baba, mimi nilidhani unaionea haya kazi hii."

Nikamwambia, "Niliionea haya kabla sijaiona."

Akacheka, halafu akageuka haraka akajifanya anapangusa kaunta ambayo ilikuwa safi.

Muuguzi nilimngoja asubuhi tatu mfululizo hadi nikampata. Alinipa mkono, akasema baba yake mwenyewe angefanya mabaya zaidi, na tukanywa kahawa meza moja.

Lakini nataka nikueleze ya siku ile ya kwanza. Baada ya maneno yote nilienda nyuma ya foleni, nikasubiri zamu yangu, nikalipa, nikatia chupani nilichotia, nikaenda kukaa. Pale kahawa ikiwa tayari wana kawaida ya kuita jina la mwenye nayo. Kikombe changu kilipokuwa tayari, binti yangu alikiinua juu, akaita wazi mgahawa mzima ukasikia:

"Kahawa ya baba yangu!"

Watu wakageuka kutazama ni nani huyo. Nikainuka taratibu, mama, sikuwa na haraka yoyote. Nilitaka wote wanione.