Mume Uliyemchora Msituni

Mpendwa Mama Mwende,

Bado nalinda mlango wa jengo lile lile la mtaa wa Olaya, na kila Mhindi anayeingia namkagua uso kabla ya kitambulisho. Ugonjwa huu nimeupata kwako wewe na Kishan, dereva wa madam unayemfanyia kazi za nyumbani huko Jeddah.

Unaikumbuka picha ya kwanza uliyonitumia kwa simu? Ndogo kama kiganja, ya ile hadithi kuu ya Wahindu: mwana wa mfalme amefukuzwa kwao, anaishi msituni na mkewe. Kishan alichora picha kama hizo baada ya kazi, nawe akakuachia majani ya miti, maana mwanafunzi huanza na majani, nyuso ni za mwalimu. Mimi nikaona mwanamke yuko mtoni, yuko kibandani, yuko chini ya mti, na kila mahali ana mwanamume. Nikakupigia.

"Huyu mama ana mabwana wangapi?"

Ukacheka mpaka madam akauliza kuna nini. "Ni bwana yake yule yule, Baba Mwende. Wanachorwa kila mahali walipita."

Ulinieleza kwa furaha ambayo sikuwa nimeisikia tangu tuondoke nyumbani. Na haikutoka kwangu. Iliniuma.

Ndipo nikapanda basi kituo cha Batha, nikaja Jeddah. Madam alitukaribisha sebuleni kwake, mtaa wa Al-Baghdadiyah, akaketi nasi. Ulitaka nione kazi yenu. Kishan akachukua brashi ya manyoya ya kindi, akaipitisha midomoni mwake ili ncha ikae sawa, akakupa. Nawe, bila hata kufikiri, ukaitia midomoni mwako. Najua, wachoraji wao wote hufanya hivyo, madam mwenyewe alisema. Lakini mimi ni mume, na midomo hiyo sikuwa nimeigusa tangu tufike nchi hii.

Uliponisindikiza langoni nikakwambia, "Hiyo kazi ya rangi, halas. Iishe."

"Sijafanya kitu."

"Basi apa. Apa kwa jina la mtoto."

Ukasema polepole, "Kwa hadithi hiyo, bwana alishuku bibi yake, mpaka bibi akapita kwa moto ndio aaminiwe. Mimi sipiti, Baba Mwende."

Ukarudi ndani. Tangu siku hiyo unanipigia kwa habari za Mwende tu, karo na homa, halafu unakata.

Kishan alisharudi kwao, na wenzangu hapa wanadhani nimepoa. Wapi. Sasa nayaonea wivu hata majani, yale unayoyainamia jioni nzima huku meseji zangu zimelala. Na sikudanganyi, ukitokea leo mlangoni hapa nitakuuliza tena, na najua utageuka uende.

Nakutakia usingizi mwema na madam mwenye huruma. Nakuaga, lakini kuna jambo moja bado sijalisema. Juzi dada yako alinitumia kwa simu picha mpya uliyoichora, na nikaona kwamba siku hizi nyuso unachora mwenyewe. Nikaikuza, nikamtafuta mume, nikamtazama zamu nzima. Hafanani na Kishan hata kidogo, na nilipaswa kushukuru. Lakini hafanani nami pia.

Ni mimi mumeo,
Baba Mwende